Vituo vya skii vyang'ang'ania kufungua mapema huku theluji ikiadimika

KILA mwaka inapofika katikati ya mwezi Oktoba, majani ya milima ya Alps yangali mabichi na ng'ombe wa maziwa wameteremshwa majuzi tu kutoka malisho ya juu, mashindano ya aina yake huanza. Si ya wanamichezo. Ni ya wenye vituo vya burudani milimani, ambao kila mmoja hutaka aonekane wa kwanza kuwafungulia milango wapenzi wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, maarufu kama skii.

Kinachofunguliwa siku hiyo, aghalabu, si mlima. Ni utepe. Mteremko mmoja, pengine miwili, uliomwagiwa theluji ya mashine na kusawazishwa usiku kucha na matrekta ya minyororo, huku kulia na kushoto kukiwa na mawe, vichaka na udongo mkavu.

Nchini Marekani, vituo vya Arapahoe Basin, Keystone na Loveland katika jimbo la Colorado ndivyo hutajwa mwaka baada ya mwaka katika kinyang'anyiro hiki. Arapahoe Basin, ambacho hata kitako chake kiko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, hupata baridi mapema kuliko wengi. Wapo vijana wanaopanga foleni kabla ya jua kuchomoza ili wakalie kiti cha kwanza cha kamba kinachopanda mlimani. Dakika chache baadaye wamekwisha kuteremka na wanasubiri zamu nyingine pamoja na mamia ya wenzao: bingwa aliyeanza mchezo akiwa na miaka mitatu, mzee anayejaribu magoti yake baada ya kiangazi, na mwanagenzi ambaye bado hajui kusimama. Wote wanatumia njia hiyo moja. Ndiyo sababu watelezaji wenyewe wameubandika jina la "utepe mweupe wa mauti". Jina ni la mzaha, lakini kugongana kwa kasi kwenye njia nyembamba si mzaha hata kidogo.

Huko Killington, katika jimbo la Vermont, hali ni ya ajabu zaidi. Kwa kuwa baridi hutangulia kileleni, theluji ya mwanzo hutengenezwa sehemu ya juu pekee. Mteja hupandishwa kwa gari la kebo, akateleza huko huko juu, kisha anapotaka kurudi nyumbani hulazimika kukwea ngazi za chuma akiwa na viatu vizito vya plastiki, vifaa vyake begani, hadi lilipo gari la kumteremsha. Na wapo wanaolipa na kushukuru.

Theluji ya namna hiyo haidondoki kutoka mbinguni. Wahandisi wa Connecticut, Marekani, ndio walioanza kuitengeneza kwa mashine mwaka wa 1950. Maji husukumwa pamoja na hewa iliyoshindiliwa kupitia mzinga, yakatawanyika kuwa matone madogo mno, nayo matone yakaganda kabla ya kutua. Sharti ni moja: baridi. Kipimo kinachojumlisha halijoto na unyevu wa hewa sharti kishuke hadi takriban nyuzi 2 za Selsiasi chini ya sifuri. Hewa ikiwa kavu, kazi yaweza kuanza hata kipimajoto kikikaribia sifuri. Ikiwa na unyevu mwingi, mizinga hunyamaza. Hivyo basi watengenezaji theluji huishi kwa kuvizia usiku wa baridi, na wakiupata hufanya kazi bila kulala.

Maji nayo si haba. Ili kufunika hekta moja kwa theluji ya kina cha sentimita 30, huhitajika takriban lita milioni moja za maji. Kituo chenye mamia ya hekta hakiwezi kutegemea kijito kinachopita jirani, na ndiyo maana mabwawa yamechimbwa kote milimani Ulaya. Si kila mwenyeji anayaridhia. Katika kijiji cha La Clusaz, Ufaransa, mpango wa kuchimba bwawa la mita za ujazo 148,000, ambalo sehemu kubwa ya maji yake ilikusudiwa mizinga ya theluji, uliwafanya wapinzani wapige kambi msituni. Oktoba 2022, mahakama ya Grenoble ilisimamisha mradi huo.

Wapo waliobuni njia nyingine. Davos, Uswisi, huhifadhi lundo la theluji ya msimu uliopita chini ya tabaka nene la unga wa mbao, likavuka kiangazi chote, kisha likatandazwa mwishoni mwa Oktoba kwa ajili ya skii ya masafa. Kitzbühel, Austria, ilipotumia theluji iliyohifadhiwa kufungua mteremko mnamo Oktoba 2018, picha za mstari mweupe uliokatiza mlima wa kijani zilizua lawama. Wenye kituo walijitetea kwamba theluji hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa, hivyo haikula umeme mpya. Hoja hiyo ina mantiki yake. Hata hivyo, picha ilikwisha kusema yake.

Swali ni hili: kwa nini haraka yote hiyo, ilhali siku za mwanzo huleta wateja wachache na gharama nyingi?

Jibu linapatikana katika namna tiketi zinavyouzwa. Mwaka wa 2008, kampuni ya Vail Resorts ilianzisha kadi ya msimu iitwayo Epic, inayomruhusu mwenye nayo kuteleza katika vituo vyake mbalimbali kwa malipo ya mara moja. Kampuni ya Alterra ikajibu kwa kadi yake, Ikon, katika msimu wa 2018 na 2019. Kadi hizi hununuliwa kabla ya msimu kuanza. Mteja hulipa akiwa hajui kama theluji itakuja, na kampuni huwa na fedha mkononi hata mvua ikinyesha Desemba nzima. Kwa maneno mengine, hatari ya hali ya hewa imehamishwa kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi.

Chini ya utaratibu huo, siku ya kufungua imekuwa tangazo la biashara. Utepe wa kilomita moja unatosha kupigwa picha, na picha inatosha kumkumbusha aliyebaki nyuma kwamba kadi bado zinauzwa. Aliyekwisha lipa naye huambiwa kwamba msimu umeanza, ingawa anachokiona ni njia moja na foleni ndefu.

Mchezo wenyewe umevutwa katika mtego huo huo. Mashindano ya Kombe la Dunia hufunguliwa kila Oktoba huko Sölden, Austria, juu ya barafu ya kudumu ya Rettenbach. Kisha Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, likaona liongeze makubwa zaidi: mbio za kasi kati ya Zermatt nchini Uswisi na Cervinia nchini Italia, chini ya mlima Matterhorn, zinazoanzia nchi moja na kumalizikia nyingine. Kwenye karatasi lilikuwa wazo la kupendeza.

Mwaka wa 2022, ambapo joto la kiangazi lilikuwa kali kiasi kwamba hata Zermatt ilisitisha kwa muda skii yake ya mwaka mzima mwezi Julai, mbio za wanaume na za wanawake zote zilifutwa kwa kukosa theluji. Mwaka wa 2023 zilifutwa tena zote, safari hii kwa sababu theluji na upepo vilizidi. Kabla ya hapo, picha za mashine za kuchimba zikikwangua barafu ya Theodul kuandaa njia zilikuwa zimeenea, nayo mamlaka ya ujenzi ya jimbo la Valais ikaamuru kazi isimame katika sehemu zilizokuwa nje ya eneo lililoidhinishwa. Mbio nane zilipangwa katika miaka miwili na hakuna hata moja iliyokimbiwa. FIS ikaziondoa kwenye ratiba.

Wanamichezo hawakunyamaza. Mapema mwaka wa 2023, mamia yao walitia saini barua kwa shirikisho hilo iliyoongozwa na Julian Schütter wa Austria, wakitaka pamoja na mengine kwamba msimu uanze baadaye na ratiba ipangwe upya ili kupunguza safari za ndege. Mmarekani Mikaela Shiffrin alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Ratiba ya Oktoba, hata hivyo, ilibaki pale pale, kwani watengenezaji wa vifaa hutaka bidhaa zao zionekane kwenye runinga kabla ya wateja kwenda madukani.

Kwa wanaotoka nchi zisizo na theluji, mambo ni magumu zaidi. Wakenya wanamkumbuka Philip Boit, aliyefika wa mwisho katika mbio za kilomita 10 huko Nagano mwaka wa 1998 na kumkuta bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akimsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii ya miteremko huko Pyeongchang mwaka wa 2018. Mtelezaji wa aina hiyo hana mlima wa nyumbani wa kumsubiri. Barafu ya juu inapoyeyuka na kufungwa, siku za mazoezi zinazobaki hugombewa na timu zenye fedha, na anayesukumwa pembeni ni yule asiye na shirikisho tajiri nyuma yake.

Lakini theluji peke yake haifungui mlima, na hilo lilidhihirika Park City, jimbo la Utah, mwishoni mwa 2024. Waokoaji wa mlimani wapatao 200, wale wanaopita alfajiri kulipua theluji iliyo tayari kuporomoka, kuweka kamba za tahadhari na kuwabeba majeruhi, waligoma Desemba 27, katikati ya likizo ya Krismasi. Walitaka malipo ya kuanzia yapandishwe kutoka dola 21 kwa saa hadi dola 23, katika mji ambao nyumba zake ziko miongoni mwa za bei ya juu mno nchini humo.

Matokeo yalionekana mara moja. Park City ni mojawapo ya vituo vikubwa zaidi Marekani, lakini sehemu ndogo tu ya eneo lake ndiyo iliyofunguliwa, si kwa sababu ya ukame wa theluji bali kwa kukosa watu wa kuthibitisha kwamba miteremko ni salama. Familia zilizokuwa zimelipa maelfu ya dola zilijikuta zimesimama kwenye foleni za saa nzima na zaidi. Baadhi ya wateja waliimba wakiwaunga mkono wagomaji. Januari 8, 2025, mkataba mpya uliidhinishwa, dola mbili zikapatikana, na kampuni mama ya Vail Resorts ikabaki na bei ya hisa iliyoshuka, wateja waliokwenda mahakamani, na ahadi ya nafuu kwa waliokuwepo watakaponunua kadi ya msimu uliofuata. Ilipofika Mei, mkurugenzi mkuu Kirsten Lynch aliondoka na nafasi yake kurudishiwa mtangulizi wake, Rob Katz.

Ni vigumu kuamini kwamba hesabu ya dola mbili haikuweza kufanywa kabla ya Krismasi.

Fauka ya hayo, hesabu ya hali ya hewa inazidi kuwa mbaya. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulichunguza vituo 2,234 katika nchi 28 za Ulaya. Uligundua kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2, asilimia 53 ya vituo vitakuwa katika hatari kubwa mno ya kukosa theluji vikitegemea mawingu pekee. Vikifunika nusu ya miteremko kwa theluji ya mashine, kiwango hicho hushuka hadi asilimia 27. Mizinga basi inasaidia, hilo halina ubishi. Lakini joto likipanda kwa nyuzi 4, hata kwa mizinga hiyo, asilimia 71 ya vituo hubaki hatarini. Tena umeme na maji vinavyohitajika huongezeka kadiri vinavyozidi kuwa ghali.

Vituo vya juu na vyenye mtaji vitaendelea kununua muda. Ndivyo vyenye mabwawa, mizinga na kadi zilizouzwa mapema. Vilivyo chini, ambavyo mara nyingi humilikiwa na halmashauri za vijiji, havina fedha hizo, na vikijaribu hukopa kwa dhamana ya theluji ambayo huenda isije. Mnamo Februari 2020, kituo cha Luchon-Superbagnères katika milima ya Pyrénées kililazimika kubeba tani 50 za theluji kwa helikopta ili kuokoa sehemu ya wanafunzi wanaoanza. Hata waliokitetea hawakusema kwamba jambo hilo lingeweza kurudiwa kila juma.

Kituo cha Métabief, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, kimechukua njia tofauti. Kilele chake hakifiki mita 1,500. Baada ya kupiga hesabu, wasimamizi wake walitangaza kwamba skii ya miteremko itafikia kikomo huko kati ya 2030 na 2035, na kwamba hawatanunua mitambo mipya ya kupandisha watu. Mafundi wamepewa kazi ya kukarabati viti na nyaya za zamani ili vidumu hadi siku hiyo, huku halmashauri ikitafuta shughuli nyingine za kuwaingizia wenyeji riziki, zikiwemo baiskeli za milimani wakati wa kiangazi. Theluji ikianguka, miteremko hufunguliwa. Isipoanguka, mafundi huendelea kupaka grisi magurudumu.