Umepimaje? Swali la Mlaji Mbele ya Fundi



Kuna swali fupi la Kiswahili ambalo ningependa kila mwanafunzi alihifadhi kichwani kama anavyohifadhi jina lake: "Umepimaje?" Ni neno moja tu, lakini ndani yake mna nafsi, hali, kitenzi na kiulizi. Leo nalitetea kwa mfano wa kitu kinachowatoa watu jasho hapa Kafutuma na kote ufuoni mwa Ziwa Mweru, nacho ni pampu ya mafuta ya gari.

Magari mengi ya kwetu yametumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kufika Zambia. Ndiyo teksi za Kashikishi, na ndiyo yanayobeba samaki kwenda Mansa. Gari la namna hiyo likizimika njiani, samaki huoza, mgonjwa huchelewa kufika hospitali, na mzazi hukosa karo ya mwanawe. Mwenye gari hufika gereji akiwa na haraka na hofu. Fundi huinamisha kichwa, husikiliza, kisha husema: "Ni pampu." Mwenye gari hulipa. Siku ya tatu gari huzimika tena. "Basi ni rilei." Hulipa mara ya pili.

Tazama lugha iliyotumika hapo. "Ni pampu" ni hukumu. "Nadhani ni pampu" ni tuhuma. Tofauti yake ni kitenzi kimoja, nacho kinaweza kumgharimu dereva mapato ya wiki nzima. Katiba ya Zambia, katika ibara ya 18, inasema kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Pampu si mtu, lakini fedha ya dereva inastahili uangalifu wa namna hiyo: kwanza ushahidi, kisha malipo.

Ushahidi wenyewe haufichiki. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi, pampu ni mota ndogo ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi. Huyasukuma mafuta kupitia chujio hadi kwenye nozeli za injini. Ikidhoofika, gari huwa gumu kuwaka, hupoteza nguvu mlimani, au huzimika likipata moto na kuwaka tena likipoa. Lakini dalili hizohizo zinaweza kuletwa na chujio lililoziba, rilei iliyochoka, waya uliolegea, au hitilafu katika mfumo wa kuwasha cheche. Kwa hiyo dalili peke yake haitoshi.

Fundi makini hufuata ngazi. Huanza na fyuzi, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kisha huibadilisha rilei kwa nyingine ya aina ileile, pengine ya honi, aone kama hali itabadilika. Halafu huweka mita ya umeme kwenye soketi ya pampu wakati msaidizi anazungusha stata. Ikiwa umeme wa kiasi cha volti 12 unafika, waya wa ethi ni mzima, na pampu haizunguki, basi pampu imekufa. Ikiwa umeme haufiki, pampu haina hatia. Kosa liko katika njia ya umeme. Ikiwa pampu inazunguka lakini gari halina nguvu, hupimwa mgandamizo wa mafuta kwa geji. Magari mengi ya nozeli za kawaida huhitaji kiasi cha bar 3, ingawa kipimo halisi hutegemea aina ya gari. Kazi hii hufanywa mbali na moto na sigara, kwa sababu mvuke wa petroli hulipuka.

Kusikiliza peke yake pia kunaweza kudanganya. Magari mengi huendesha pampu kwa sekunde mbili hivi swichi inapofunguliwa, nawe husikia mvumo hafifu kutoka kwenye tangi. Lakini Toyota nyingi za zamani haziendeshi pampu mpaka stata izunguke. Anayesema "sikusikia kitu, basi imekufa" huenda anaihukumu pampu ambayo bado haijaamriwa kufanya kazi.

Sasa nifike kwenye maoni yangu, ambayo huenda yasiwafurahishe wenye magari. Tunawalaumu mafundi kwa kubahatisha, lakini sisi ndio tunaokataa kulipia upimaji. Tunakubali kulipia spea kwa sababu tunaiona na kuishika; fundi akitaja bei ya kuchunguza, tunamwambia: "Kuangalia tu unataka fedha?" Kwa neno hilo tunamfundisha kwamba ujuzi wake hauna thamani, na kwamba njia pekee ya kupata riziki ni kubadilisha kitu. Hatupaswi kushangaa akibadilisha kila kitu.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba upimaji ni kwacha 200, pampu kwacha 1,500 na rilei kwacha 150. Aliyepimiwa akakutwa na rilei mbovu atalipa kwacha 350. Aliyekisiwa atalipa 1,500 za pampu, kisha 150 za rilei, jumla 1,650, na pampu yake nzima itakuwa imebaki gereji. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wengi wa vijijini hawana geji. Ni kweli kwamba vifaa ni haba, lakini mita ya umeme ya kawaida haina bei kubwa, na kubadilisha rilei hakuhitaji kifaa chochote. Fundi asiye na geji anaweza kusema waziwazi: "Nimefika hapa, zaidi ya hapa nakisia." Kauli hiyo ni ya heshima, nayo humpa mwenye gari nafasi ya kuchagua.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji, Na. 24 ya mwaka 2010, inamtaka mtoa huduma afanye kazi yake kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Inakataza pia matangazo ya dukani yanayomnyima mnunuzi haki zake, kama yale yasemayo kwamba kilichouzwa hakirudishwi. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji, yenye makao makuu Lusaka. (Wewe unayejifunza Kiswahili, usicheke neno "mlaji": hapa si mtu anayekula ugali, bali yeyote anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake.) Hata hivyo, malalamiko bila karatasi ni maneno matupu. Omba risiti inayotaja kilichopimwa, kilichobadilishwa na bei ya kila kimoja. Omba pia spea ya zamani mkononi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Uliza na chanzo, si ugonjwa tu. Pampu hupozwa na mafuta yaliyomo tangini. Dereva anayetembea kila siku na tangi karibu tupu huichosha. Mafuta ya madumu yenye maji au mchanga huiua. Pampu mpya ikitiwa katika tangi chafu, malipo yatarudiwa.

Ukishazoea kuuliza hivyo gereji, hutashindwa kuuliza kwingine. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulipandishwa hadi kwacha milioni 25.7 kwa kila jimbo la Zambia. Kisima cha kijiji kinapokauka na mtu akasimama mkutanoni kusema kwamba pampu yake inunuliwe upya, swali ni lilelile: nani amepima, kwa kifaa gani, na karatasi iko wapi? Raia hujizoeza kudai hesabu ya fedha ndogo ili aweze kudai hesabu ya fedha kubwa.

Lakini uliza kwa adabu. Usiseme "Unaniibia." Sema: "Samahani fundi, naomba unieleze umepimaje." Fundi aliyepima atafurahi kukuonyesha. Aliyekuwa akikisia atarudi kuchukua mita yake. Akimaliza kupima, mlipe kazi hiyo bila kunung'unika, hata kama hakubadilisha kitu.