Uwanja Usio na Watu



Jioni moja kijana wa kikundi chetu hapa Hewa Bora aliniita kwao akisema, "Mwalimu, njoo uone kazi yangu." Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, naye alikuwa ameiunganisha kompyuta yake na betri ya gari. Kwenye kioo nikaona uwanja wa ndege wa Kijerumani wa mwaka 1944: njia ya kurukia, mabanda makubwa yenye milango ya chuma, na ndege za kivita za kampuni ya Heinkel zimepangwa kwa safu. Ulikuwa uwanja wa Oranienburg, mji ulio kaskazini ya Berlin.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, nieleze kidogo. Zipo programu za kompyuta zinazoigiza urubani. Mchezaji hushika usukani wa ndege asiyoweza kuimiliki, akaruka juu ya nchi asiyoweza kuifikia. Programu hizo huja na ardhi na anga, na watu wa kujitolea duniani kote huongeza mandhari wanayoyapenda. Wako wanaojenga upya viwanja vya zamani vya vita. Huanza na picha zilizopigwa na ndege za upelelezi wakati wa vita, wakapima urefu wa majengo kwa vivuli vyake, wakachora kila ukuta kwa programu maalumu, kisha wakauvika rangi ya matofali na kutu. Uwanja mmoja huweza kuchukua miezi mingi, na kwa kawaida mjenzi halipwi kitu.

Sikumkemea kijana wetu, wala siwaandikii ili kuulaani mchezo huu. Nimewafunza walimu kwa miaka mingi, na najua ni vigumu kumpata mwanafunzi atakayehesabu madirisha ya banda moja hadi atosheke kwamba amepata idadi sahihi. Huo ni uaminifu. Nilimwuliza jambo moja tu: "Watu wako wapi?"

Akajibu kwa upole, "Watu huilemea kompyuta, Mwalimu. Tena rubani akiwa juu hawaoni."

Nimelitafakari jibu hilo tangu siku ile, na maoni yangu ni haya: mtu anayejenga upya uwanja wa vita huwa anatoa ushahidi. Akizihesabu nati za bawa na kuwasahau waliozikaza, ushahidi wake una kasoro, hata kama kila kipimo chake ni sahihi.

Uwanja wa Oranienburg ulikuwa wa kiwanda cha Heinkel, na katika mji huohuo palikuwa na kambi ya mateso ya Sachsenhausen, iliyofunguliwa mwaka 1936. Tangu mwaka 1942 maelfu ya wafungwa wa kambi hiyo walilazimishwa kuunda ndege kiwandani humo. Kwa hiyo zile ndege zilizopangwa vizuri kwenye kioo hazikujiunda zenyewe. Zilipitia mikononi mwa watu wenye njaa.

Nasi tunaosema Kiswahili tuna wetu aliyekufa Sachsenhausen. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia jeshi la Wajerumani angali mtoto wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Madai yake yakakataliwa. Akakaa huko, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia kambini. Mwaka ule ambao kijana wetu aliuchagua kwa ajili ya mandhari yake ndio mwaka wa kifo cha mwalimu huyo wa Kiswahili, katika mji uleule. Kijana hakujua. Nami nikiri kwamba nilipokuwa na umri wake sikujua pia.

Wajenzi wengi wa mandhari hizi hufuta alama ya swastika kwenye mikia ya ndege. Sheria ya Ujerumani imeipiga marufuku alama hiyo isipokuwa kwa sababu maalumu, na tangu mwaka 2018 michezo ya kompyuta huchunguzwa mmoja mmoja kabla ya kuruhusiwa kuionyesha. Naiheshimu sheria hiyo, na naelewa kwa nini nchi ile inaihitaji. Lakini mjenzi asidhani kwamba akishafuta alama amemaliza deni lake. Alama ikiondoka, na waliopondwa chini ya alama hiyo wakawa hawapo, kinachobaki ni chuma safi na anga ya buluu. Mtoto atakayeruka hapo atajifunza kwamba vita vilikuwa mashine nzuri tu.

Mtaniuliza, "Mwalimu, Oranienburg inatuhusu nini sisi wa Katanga?" Basi turudi nyumbani, kwa maana vita vya Wajerumani vilifika hata kwenye ziwa letu.

Mwaka 1914 Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, na kituo chao kikuu kilikuwa Kigoma. Waingereza walileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town. Zilipita mji wetu huu, wakati huo ukiitwa Elisabethville, na mwezi Agosti 1915 zikashushwa Fungurume ambako reli ilikuwa imeishia. Kutoka hapo zilikokotwa milimani na porini hadi Sankisia. Wanaume walikata miti na kujenga madaraja zaidi ya 100. Wanawake walibeba maji kichwani ili kuzinywesha injini za mvuke. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakaleta ndege nne aina ya Short 827, zinazoruka na kutua majini, wakazifanyia kituo Mtoa, kaskazini ya Kalemie ya leo. Mwezi Juni 1916 ndege hizo zilivuka ziwa na kuipiga Kigoma kwa mabomu. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, wakaondoka. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hadithi hiyo imeandikwa mara nyingi. Tunayajua majina ya marubani, ya makamanda, hata ya mashua. Lakini ndege haitembei porini yenyewe. Katika vita vile Kongo ya Wabelgiji ilitumia wapagazi wapatao 260,000. Walibeba risasi, unga, mafuta na wagonjwa. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wala hawakuwa na ugomvi wowote na Mjerumani. Mtu akiijenga Mtoa kwenye kompyuta leo kwa desturi ya mchezo huu, atatupatia ndege nne, banda, gati na maji yanayometameta. Mapagazi 260,000 hawatakuwamo, kwa kuwa wanailemea kompyuta.

Nisiwanyoshee vijana kidole huku mikono yangu michafu. Babu yangu mzaa mama alinisimulia kwamba baba yake alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vile, asirudi. Alinitajia jina lake. Nilikuwa kijana mwenye masomo, nikijua kwa moyo majina ya majenerali wa Ulaya, na jina la mzee huyo sikuliandika. Babu alikufa, mama akafuata, na leo hakuna aliyebaki wa kunikumbusha. Miaka mingi nimesimama mbele ya walimu wanafunzi nikiwafundisha vita vile kwa majina ya wageni peke yao. Mimi pia nilijenga uwanja usio na watu, nami sikuwa na kompyuta ya kusingizia.

Najua hoja za upande wa pili. Wako watakaosema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba mtu aliyechoka ana haki ya kuruka bila kuhubiriwa. Ni kweli, wala siombi kila uwanja ugeuzwe makaburi. Wengine watasema kwamba kuwaweka wafungwa na wapagazi ndani ya mchezo ni kuwadhalilisha mara ya pili, wawe sanamu za kupendezesha picha. Hoja hii ni nzito, na huniogopesha. Lakini ipo njia ya heshima. Mjenzi aweza kuuchora uzio wa kambi mahali ulipokuwa. Aweza kuichora njia ya wapagazi kutoka porini hadi gatini, na vibanda walimolala. Aweza kuandika katika maelezo yanayoambatana na kazi yake ni nani waliojenga mahali hapo na kwa malipo gani. Hayo hayailemei kompyuta yoyote. Amri ya nane, tuliyojifunza sote katika katekisimu, haihusu maneno ya mdomoni tu. Picha nayo inaweza kusema uongo kwa kunyamaza.

Kijana wetu hakukasirika. Baada ya majuma machache alinionyesha mwanzo wa kazi mpya: Mtoa, mwaka 1916. Ziwa lipo, vilima vipo, na njia nyembamba ya miguu inashuka hadi majini. Kando ya njia ameweka kibao kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, yule mzee wenu aliitwa nani? Nataka kumwandika hapa." Nikanyamaza mbele ya mtoto.

Kibao hicho bado ni kitupu. Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio na mababu na mabibi wangali hai, hasa waliotoka Moba, Kalemie, Kabalo na Kongolo: kabla mwezi huu haujaisha, ketini nao jioni moja, mwulize ni nani katika ukoo alibeba mizigo ya vita, na mwandike jina lake kwa kalamu katika daftari. Leteni majina hayo kwenye mkutano wa kikundi. Anayejua kompyuta atajua pa kuyaweka.