Mstari Ulionyooka Mno

Tuseme ukweli, maana wengi mnaosoma hapa mlipita mlemle nilimopita: tulipika data. Kidato cha nne, mtihani wa vitendo wa Fizikia, mshale wa ammita unatetemeka, muda unakwenda, na wewe tayari unajua kwamba grafu ya volti na mkondo inatakiwa iwe mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Unasoma vipimo viwili, vinne vilivyobaki unavitunga. Mimi nilipata A. Hadi leo sijakutana na mtu anayelionea haya jambo hili. Tunalisimulia tukikutana harusini, tunacheka.

Likizo iliyopita nilikuwa Nungwi kwa mjomba. Enzi zake aliunda majahazi ya kweli. Sasa mgongo umekataa, anachonga madogo ya kuwauzia wageni. Hoteli moja ilimwagiza jahazi la urefu wa mkono, lenye taa za LED: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe kwenye tezi, kama zinavyotaka kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972. Kijana aliyemtilia waya alikwishasafiri. Nyekundu iliwaka. Kijani na nyeupe zilikataa kabisa.

"Si nyinyi ndio mnaosoma mambo haya?" mjomba akaniambia. "Hebu nitazamie, mwanangu. Kesho kutwa wanakuja kulichukua."

Nikaanza kupika. Bila kupima chochote nikaamua kuwa taa ya kijani imekufa. Nikanunua nyingine, nikaichomea kwa risasi. Kimya. Nikasema miguu imegeuzwa, maana mguu mrefu ndio chanya na mfupi ndio hasi, nikaigeuza. Kimya, nikairudisha. Nikasema betri zimechoka. Nikatia tatu mpya, na nyekundu ikazidi kung'ara peke yake. Mwisho nikatangaza kwamba chumvi ya bahari imekula waya ndani ya ngama, kwenye jahazi ambalo halijawahi kuguswa hata na maji ya kisima.

Mjomba alikuwa pembeni anapiga msasa mlingoti. Akauliza, "Umejuaje?"

Sikuwa nimejua. Nilikuwa na jibu mkononi nalitafutia ushahidi, kazi niliyofundishwa vizuri kuliko zote.

Mita tuliazima kwa fundi redio wa jirani. Betri zote tatu kwa pamoja: volti 4.6. Kwenye miguu ya taa ya kijani: volti 2.0. Taa ya kijani ya aina ile inahitaji karibu volti 3. Kwa hiyo haikufa. Ilikuwa haipati chakula cha kutosha. Kijana alikuwa ameziunga taa zote tatu sambamba nyuma ya rezista moja, kile kijipande chenye mistari ya rangi kinachobana mkondo. Ukitazama haraka unakubali: taa tatu, mlango mmoja, zitagawana. Lakini LED hazigawani hivyo. Nyekundu hufunguka mapema, kwenye volti 2 hivi, na ikishafunguka inapitisha karibu mkondo wote na kuzizuia volti zisipande zaidi ya hapo. Wenzake wanaongoja volti 3 watangoja mpaka betri ziishe. Nilipoichomoa nyekundu, zile mbili ziliwaka papo hapo. Dawa ilikuwa kuipa kila taa rezista yake: omu 150 kwa nyekundu, omu 100 kwa kijani, omu 100 kwa nyeupe. Nusu saa. (Najua wapo watakaotaka niseme kwamba hii ni picha ya siasa zetu. Andikeni nyinyi.)

Kutojua hakukunikera. Kilichonikera ni kwamba LED haina mstari ulionyooka hata kidogo. Unapandisha volti, mkondo haupo, haupo, kisha ghafla unapaa. Ningewekewa taa hiyo kwenye meza ya mtihani, ningeipika mpaka ikamtii Ohm. Na Ohm mwenyewe hakupika. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne. Kanuni aliyoitangaza mwaka 1825 ilikuwa na makosa, kwa sababu chanzo chake cha umeme hakikutulia. Alibadilisha chanzo, akapima upya waya mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1826 akajisahihisha hadharani. Hayo hatukufundishwa. Tulifundishwa mstari tu.

Mtaniambia vifaa havikuwepo. Kweli, skuli yetu ammita moja ilikuwa ya wanafunzi kumi na wawili. Lakini ammita mbovu haimlazimishi mtu kusema uongo. Alama zilikuwa za jedwali, za mihimili, za skeli, za mteremko wa mstari. Nitafutieni mwanafunzi aliyepata hata alama moja kwa kuandika, "Mshale huu unatetemeka, vipimo hivi siviamini." Tulikomaa tukijua kwamba kipimo kikigombana na kitabu, kipimo ndicho cha kurekebishwa. Kisha tunashangaa wenzetu wakiingia ofisini na kuandika ripoti za miradi ambazo kila shabaha imefikiwa.

Mjomba yeye hakuwa na habari na alama zangu. Alichotaka ni taa. Nilipomwambia, kwa utani, kwamba wageni wa hoteli wasingejua hata kama ingewaka nyekundu tu, aliweka msasa chini. Ukiona nyekundu peke yake usiku, alisema, unajua chombo kinakuonyesha ubavu wake wa kushoto, kinakatiza kuelekea kushoto kwako. Unakiacha kipite. Kumbe kijani chake kimezimika na kinakujia usoni. "Bora kiwe giza," alisema. "Giza unaliogopa."

Nasomea uzamili wa sayansi ya mazingira. Napima chumvi kwenye visima vya pwani: kadiri unavyoondoka ufukweni, chumvi inapungua, na grafu yangu inashuka vizuri kabisa. Isipokuwa visima vitatu. Viko ndani, mbali na bahari, na vina chumvi kuliko majirani zake. Kwenye rasimu nilikuwa nimeviondoa. Mtu ninayemheshimu chuoni aliviita kelele, akasema kelele kila mtu huziondoa, na mimi nikashukuru. Ardhi ya upande ule ni jiwe la matumbawe, lina mapango na nyufa, na maji ya bahari yanaweza kusafiri humo bila kuniuliza mimi umbali. Hilo nililijua. Nililisoma mwaka wa kwanza, nikalijibia mtihani.

Nimevirudisha vyote vitatu. Grafu imeharibika, na natetea tasnifu mwezi ujao mbele ya watu wanaopenda mistari. Kwenye kisima kimojawapo, mama mwenye nyumba alinitekea ndoo na kuniambia, kabla sijatoa kifaa kwenye mkoba, "Haya ya kufulia tu, mwanangu. Ya kunywa tunayafuata kule msikitini." Nimelitafuta daftari langu la siku ile. Nimeandika saa, nimeandika kina cha kisima, nimeandika namba ya chumvi na alama ya kuuliza pembeni yake. Maneno yake sikuyaandika.