Mgomo wa 1994 ulivyozima nyota ya Montreal

MSIMU wa besiboli wa mwaka 1994 katika Ligi Kuu ya Marekani na Kanada haukumpata bingwa. Si kwamba timu zilitoshana nguvu, bali mashindano yenyewe yalikatizwa Agosti 12 wachezaji walipoweka zana zao chini na kugoma.

Kiini cha mvutano huo kilikuwa fedha. Wamiliki wa klabu 28 walitaka kuweka kikomo cha mishahara, wakidai kwamba klabu za miji isiyo na mapato makubwa zingeangamia zikiachwa kushindana na matajiri. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Donald Fehr, kilikataa katakata. Kwacho, kikomo hicho kilikuwa njama ya kumnyima mchezaji thamani yake halisi sokoni.

Mnamo Septemba 14, kaimu kamishna Bud Selig, ambaye mwenyewe alikuwa mmiliki wa klabu ya Milwaukee Brewers, alitangaza kufutwa kwa mechi zote zilizosalia pamoja na fainali ya World Series. Fainali hiyo haikuwa imekosa kuchezwa tangu 1904. Hata vita viwili vikuu vya dunia havikuwa vimeizuia.

Ajabu ni kwamba klabu iliyokuwa kileleni siku ya mgomo ni mojawapo ya zile zilizotumia fedha kidogo zaidi kwa mishahara. Montreal Expos, chini ya kocha Felipe Alou, ilikuwa imeshinda mechi 74 na kupoteza 40, rekodi bora kuliko zote ligini. Iliitangulia Atlanta Braves kwa pengo la mechi sita. Vijana kama Pedro Martinez na Larry Walker walikuwa wamethibitisha kwamba uongozi wenye busara na malezi mema ya vipawa vinaweza kumtetemesha tajiri. Kwa hivyo, hoja ya wamiliki ilikuwa ikipingwa uwanjani na mmoja wao.

Na je, mgomo ulileta nini? Desemba wamiliki walijaribu kuweka kikomo hicho kwa lazima. Machi 31, 1995, Jaji Sonia Sotomayor wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamuru masharti ya mkataba wa zamani yarejeshwe. Mgomo ukaisha baada ya siku 232, na pande zote mbili zikajikuta palepale zilipoanzia. Mkataba mpya uliofikiwa 1996 haukuwa na kikomo cha mishahara. Badala yake, uliweka kodi kwa klabu zenye matumizi makubwa kupindukia, pamoja na mgao wa mapato.

Lakini Montreal haikuweza kurejea ilikokuwa. Aprili 1995 klabu hiyo, ikilia ukata, iliwaachilia nyota wake kadhaa, Walker akiwemo. Atlanta ndiyo iliyotwaa ubingwa mwaka huo.

Si haki kuutwika mgomo lawama yote. Uwanja wa Olimpiki wa Montreal haukuwavutia mashabiki, na wenye klabu walisita kuwekeza. Hata hivyo, ubingwa ungeipa klabu hiyo mtaji wa imani ambao haungenunulika popote. Mwishoni mwa 2004 Expos ilicheza mechi yake ya mwisho, kisha ikahamia Washington na kubadilisha jina kuwa Nationals. Taji la World Series ililipata 2019, lakini shangwe zilikuwa za mji mwingine.

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Wamiliki walidai kupigania klabu ndogo, nao wachezaji walidai kutetea haki, na huenda kila upande uliamini ulichosema. Hata hivyo, shabiki wa Montreal hakuwa na kiti katika meza ya mazungumzo, na ndiye aliyelipa gharama kubwa zaidi. Wanaojadiliana wakiwa na uwezo wa kungoja hawana budi kuwakumbuka wale ambao nafasi yao huja mara moja tu.