Ramani ya Jenomu Yenye Mapengo Haitoshi Tena

Muungano wa kimataifa unaotunza ramani rejea ya jenomu ya binadamu umeahirisha toleo jipya bila kutaja tarehe, na maabara nyingi bado zinategemea lile la mwaka 2013. Uamuzi huu ni wa kurudisha nyuma tiba. Mapengo yaliyoachwa mwaka 2003, jenomu ilipotangazwa kuwa imekamilika, takribani asilimia 8 ya jenomu, yalizibwa na wanasayansi wa mradi wa T2T mwezi Machi 2022, na kromosomu Y ikakamilika mwaka uliofuata. Maeneo hayo yalirukwa kwa sababu herufi zake hujirudia mno, na mashine za zamani zilisoma vipande vifupi ambavyo havikujulikana vimetoka wapi. Za sasa husoma maelfu ya herufi kwa mkupuo. Wanaopinga kuhamia ramani mpya wanataja gharama, kwa kuwa hifadhi za taarifa za magonjwa zimejengwa juu ya ramani ya zamani. Ni kweli, lakini kila mwaka wa kusubiri unaiongeza gharama hiyohiyo.

Hoja isiyojibika iko Kilifi, kwenye Pwani ya Kenya. Kwenye kromosomu ya 4 kuna jeni tatu pacha, zilizotokana na kurudufiwa kwa jeni moja, zinazohusika na protini za utando wa chembe nyekundu za damu. Eneo hilo lilikuwepo kwenye ramani, ila kufanana kwa jeni hizo kulizichanganya mashine. Mwaka 2015 watafiti waliona dalili tu kwamba jirani yake kuna kinga ya malaria. Ilichukua hadi 2017 kupambanua kwamba baadhi ya watu wa Afrika Mashariki wamerithi jeni mbili kati ya hizo zikiwa zimeunganika, na kwamba mpangilio huo, uitwao Dantu, hupunguza hatari ya malaria kali kwa takribani asilimia 40. Mwaka 2020, damu ya watoto wa Kilifi ilionyesha sababu: utando wa chembe umekazika, kimelea kinashindwa kupenya. Takribani asilimia 70 ya ramani ya zamani imetokana na mtu mmoja wa Marekani. Tusitarajie ituonyeshe kinachomlinda mtoto wa Pwani. Jenomu ya T2T nayo ni moja, na ndiyo maana rasimu ya ramani ya jenomu nyingi ya mwaka 2023, iliyokusanya jenomu za watu 47, ni mwanzo tu. Wafadhili na taasisi za utafiti za Afrika Mashariki wasikubali tena sampuli za watu wetu zisomwe kwa vipande vifupi peke yake.