Kabla Mweka Hazina Hajabonyeza "Tuma"

Kila mara tukikutana hapa tunakukumbusha mambo mawili: usimpe mtu PIN yako, na uangalie jina kabla ya kutuma. Leo tuongee kuhusu kosa ambalo PIN haiwezi kuzuia. Pesa inaenda kwa mtu sahihi, kiasi ni sahihi, lakini uamuzi wenyewe ni mbaya.

Sisi wawili tunaoandika haya tulirudi nyumbani Gesima, kaunti ya Nyamira, na digrii za biashara. Unajua vile huwa. Kabla hata hatujapata kazi, chama cha pale kwetu kilikuwa kimeshatukabidhi daftari pamoja na laini ya simu ya chama. "Hawa wamesomea hiyo maneno," wazee walisema. Hakuna aliyeuliza kama tumewahi kuendesha hata kibanda cha mandazi.

Oktoba bonasi ya majani chai ikaingia. Wanachama 14 tukachanga elfu tano tano, jumla shilingi 70,000. Sisi ndio tuliokuja na wazo: tununue tenti na viti 50 kutoka kwa mtu anayeuza vyake, tuwe tunakodisha kwa harusi na matanga. Tukapiga hesabu kwa simu. Shilingi 3,000 kila Jumamosi, Jumamosi nne kwa mwezi, miezi sita pesa imerudi. Ilipendeza macho. Jioni muuzaji akapiga simu kusema kuna mteja mwingine anakuja asubuhi. Saa tatu usiku tukatuma.

Miezi sita ikaisha tukiwa tumepokea shilingi 9,500. Waliofiwa walikodi kwa deni, na nani ataenda kudai familia iliyotoka kuzika? Makanisa yaliyo karibu yalikuwa na tenti zao. Mama mmoja wa chama, anayeuza ndizi sokoni, akatuambia kwa upole kwamba haya yote aliyajua tangu siku ya kwanza.

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Ningesema nini, na nyinyi ndio mmesoma?"

Jibu hilo lilituuma kuliko hasara, kwa sababu kosa lenyewe tulikuwa tumelisoma na kufanyia mtihani. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Irving Janis aliandika kitabu kuhusu vikundi vya watu werevu vinavyofanya maamuzi mabovu kwa sababu kila mmoja anaogopa kuvuruga umoja. Mfano wake mkubwa ni wa 1961, Rais Kennedy wa Marekani alipokubali mpango wa kuivamia Kuba kwenye Ghuba ya Nguruwe. Mezani walikaa wasomi wa Harvard. Mmoja wao, Arthur Schlesinger, alikuwa na mashaka, lakini kwenye mikutano alinyamaza, na baadaye alijilaumu kwa hilo. Uvamizi ulishindwa kwa siku chache tu.

Mwaka uliofuata ukaja mgogoro wa makombora ya Kisovieti, Kuba hiyo hiyo. Rais ni yule yule, na wengi wa washauri wake ni wale wale. Kilichobadilika ni utaratibu. Kennedy alitoka kwenye baadhi ya mikutano ili watu waseme bila kumtazama usoni, na kila wazo likahojiwa. Vita vikaepukwa.

Ndiyo maana tunasema hivi: chama hakiokolewi na digrii ya mweka hazina. Kinaokolewa na utaratibu unaompa mama wa ndizi nafasi ya kusema "hapana" kabla pesa haijatoka.

Kuna watakaosema chama chenye maswali mengi hakitawahi kununua hata kuku. Ni kweli. Herbert Simon, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba hakuna meneja anayejua kila kitu. Watu hutafuta mpaka wapate kinachotosha, kisha wanaamua. Kwa hivyo hatusemi mkae mwezi mzima mkibishana. Tunasema yafanyike mambo manne tu:

1. Mpeni mtu mmoja kazi ya kupinga, kwa zamu. Akishapewa kazi hiyo hataonekana mkorofi. Na aliyeleta wazo azungumze mwisho.

2. Pesa ilale usiku mmoja. Muuzaji akisema "leo au basi", hiyo peke yake ni sababu ya kungoja.

3. Andikeni sababu kwenye daftari: tunanunua nini, tunatarajia kupata ngapi, na tutajuaje kwamba tumekosea. Baada ya miezi mitatu isomeni tena.

4. Laini ya chama isichanganywe na ya mtu binafsi, na taarifa ya miamala isomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama mweka hazina ni mtoto wenu mliyemsomesha. Hasa huyo.

Tunajua inachekesha kusikia haya kutoka kwetu. Kampuni ya malipo inauza haraka, na haraka ni nzuri mtoto akiwa hospitali au gari la mzigo likingoja kulipwa. Lakini kutuma ni sekunde chache, na uamuzi una mwendo wake. Ukikosea namba, unaweza kupiga simu mapema na kuomba muamala urudishwe. Ukikosea uamuzi, hakuna namba ya kupiga.

Tenti tuliiuza kwa shilingi 45,000, na daftari bado liko kwetu. Mkutano uliofuata tulimwomba mama wa ndizi awe mpingaji wa kwanza. Aliuliza maswali saba. Matatu tulishindwa kuyajibu, na siku hiyo hatukutuma hata shilingi.

Kwenye chama chenu, ni nani huwa ananyamaza? Muulizeni kabla ya bonasi kuingia.