Mtoto Aliyeachwa Nyuma

Mwezi huu tuongee habari za Frederick, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza ambaye hakuwahi kukikalia.

Alizaliwa mwaka 1707 mjini Hanover, Ujerumani. Mwaka 1714 babu yake alirithi ufalme wa Uingereza, na wazazi wa Frederick wakahamia London na binti zao. Yeye, mtoto wa miaka saba, aliachwa Hanover chini ya uangalizi wa mdogo wake babu. Ndivyo babu alivyoamuru, ili ukoo uwe na mtu wake kule nyumbani.

Miaka 14 ikapita bila kuonana na wazazi. Huko London mama yake, Caroline, alizaa tena, na mapenzi yote yakahamia kwa William, aliyezaliwa mwaka 1721. Frederick alipoitwa mwishoni mwa 1728 alikuwa kijana wa miaka 21. Aliingia kwao kama mgeni, na ugomvi haukukawia.

Usiku mmoja wa Julai 1737, mkewe Augusta alishikwa na uchungu katika jumba la Hampton Court. Frederick alimpakia kwenye gari la farasi, akamkimbiza hadi London, ili tu wazazi wake wasiwepo mtoto akizaliwa. Huko hakukuwa na kitu kilichoandaliwa. Vitambaa vya meza ndivyo vilivyogeuzwa mashuka. Sisi tuliozaa tunajua mateso ya safari ile! Mfalme aliwafukuza. Novemba mwaka huohuo Caroline akawa mahututi, Frederick akaomba kumwona, akakataliwa. Mama akafa bila kuagana na kifungua mimba wake.

Frederick naye alifariki mwaka 1751, baba yake akiwa bado mfalme. Mwaka 1760 kiti kilimwendea mwanawe, George wa Tatu.

Wengi wetu tumewaacha watoto kwa bibi zao kwa sababu ya kazi, na mara nyingi hatuna njia nyingine. Lakini Frederick hakukosa chakula, walimu wala watumishi. Alikosa wazazi wake. Basi tusitume fedha za matumizi tu. Kabla ya kununua mapazia mapya, tuweke kando nauli ya kwenda kumwona mtoto, angali akitukimbilia anapotuona.